Mtoto Aanze Lini Kufunga? Ramadhani ya Watoto Kutoka Zanzibar Hadi Tromsø

Ramadhani ikikaribia, swali hili hurudi kila nyumba: "Mwanangu ana miaka minane, mwaka huu afunge?" Huulizwa masheikh kwenye vipindi vya redio, huulizwa mabibi, huulizwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia, na majibu hutoka mbio. Mmoja atasema mtoto hana saumu, mwacheni ale. Mwingine atasema samaki mkunje angali mbichi, asipozoea sasa atazoea lini? Kila upande una hoja, na kila upande umejibu kipande tu cha swali. Ndani yake mna maswali manne: sheria inamtaka nini mtoto huyu, mwili wake unaweza nini, jua la pale anapoishi linamfungisha saa ngapi, na shule na mtaa wake vinamsaidia au vinamwacha peke yake. Mtoto wa Zanzibar na mtoto wa Birmingham wanafunga mwezi mmoja, lakini ukichukua jibu la huyu ukampa yule, unaweza kumdhulumu.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi tunapochanganya mambo.

Saumu ya Ramadhani ni faradhi kwa Mwislamu aliyebaleghe, mwenye akili timamu na mwenye uwezo wa kufunga. Ambaye hajabaleghe hana dhambi akila mchana, hadaiwi siku hiyo, na hata akiwa mkubwa hatailipa. Kubaleghe kuna alama za mwili: mvulana huota akatokwa na manii, msichana hupata hedhi. Alama zikichelewa, hutazamwa umri, na hapo madhehebu hutofautiana. Kwa Mashafi, ambao ndio wengi hapa Pwani na pia Somalia, Indonesia na Malaysia, kikomo ni miaka 15 ya mwezi, na Mahanbali wamesema hivyo hivyo. Imamu Abu Hanifa aliweka miaka 18 kwa mvulana na 17 kwa msichana, ingawa wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walishika 15. Kauli mashuhuri ya Wamaliki ni 18. Mashia Ithnaasheri wanasema msichana hubaleghe akitimiza miaka 9 ya mwezi, na mvulana 15.

Hiyo miaka ya mwezi ina uzito wake. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo miaka 9 ya mwezi ni kama miaka 8 na miezi 9 ya kalenda ya ukutani. Ndiyo sababu nchini Iran utaona wasichana wa darasa la tatu wakifanyiwa sherehe shuleni, wamevaa nguo nyeupe na maua kichwani: wameingia kwenye umri wa kuwajibika. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, katika familia za Khoja Ithnaasheri, msichana wa umri huo naye huhesabiwa kuwa saumu imemfika, wakati rafiki yake wa Kisuni wanayekaa naye dawati moja bado anafanya mazoezi. Wazazi wakilijua hili, watoto hawatabishana bure uwanjani nani Mwislamu zaidi.

Kati ya kutolazimika na kulazimika pana miaka mingi, na hapo ndipo malezi yalipowekwa. Mtume (s.a.w.) aliwaagiza wazazi wawaamrishe watoto wao swala wakifika miaka 7, na wawe wakali nayo wakifika 10, hadithi hiyo imo katika Sunan ya Abu Dawud. Wanazuoni wakaipima saumu kwa mizani hiyo hiyo, kwa sharti moja ambalo wengi huliruka: awe anaiweza. Swala haimdhuru mtoto wa miaka 7. Saumu ya kutwa inaweza kumdhuru. Na zingatia anayesemeshwa katika hadithi hiyo ni mzazi. Mtoto wa miaka 10 akifungua saa 8 mchana hajatenda kosa kwa Mola wake. Aliyepewa kazi ya kumzoesha, na kuifanya kwa busara, ni baba na mama.

Namna ya kuifanya ilikwisha kuonyeshwa Madina. Rubayyi binti Muawwidh, mwanamke wa Kianswari, amesimulia katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim jinsi walivyokuwa wakifunga siku ya Ashura na kuwafungisha watoto wao. Waliwatengenezea vichezeo vya sufi, na mtoto akililia chakula walimpa kichezeo kile mpaka wakati wa kufuturu ufike. Mimi huwa naitazama sana sufi ile. Wale walikuwa watu walioitwa kwenye ibada na Mtume mwenyewe, na mtoto wao alipolia njaa walimpa cha kuchezea. Hatusikii habari ya kumkaripia, wala ya kumwambia fulani wa nyumba ya pili anakushinda.

Kutoka kwenye msingi huo kila jamii imejenga ngazi zake, na ngazi ya kwanza karibu dunia nzima ni nusu siku. Kwetu mtoto huomba aamshwe daku, na mara nyingi kuamka usiku na wakubwa ndicho anachokitaka hasa. Anafunga mpaka adhuhuri, anakula, halafu akipenda anaendelea mpaka magharibi. Katika kisiwa cha Java watoto husikilizia ngoma kubwa ya msikitini inayopigwa wakati wa adhuhuri. Ikilia wanakula, kisha wanafunga tena hadi jua lizame. Uturuki na Iran nako wana nusu siku yao ya watoto, yenye jina lake maalumu. Syria na Palestina mtoto huambiwa anapanda ngazi za mnara wa msikiti: leo hatua chache, kesho zaidi, mpaka siku moja afike juu. Moroko bibi humwambia mjukuu wake kwamba nusu ya leo na nusu ya kesho zitashonwa pamoja ziwe siku moja nzima, na mjukuu huhesabu mishono yake kwa makini sana.

Katika fiqhi hakuna saumu ya nusu siku. Saumu ni kutoka alfajiri mpaka jua kuzama, basi. Lakini wala wazazi hawa hawajabuni ibada mpya. Wanafanya mazoezi, na mtoto akifika miaka tisa au kumi aambiwe hivyo wazi, asije akadhani dini inapunguza bei. Ubora wa nusu siku ni kwamba inampa mtoto mwisho anaouona. Mtoto wa miaka saba ukimwambia "mpaka magharibi" saa 3 asubuhi, umemwambia milele.

Wakubwa hudhani saa ngumu kwa mtoto ni adhuhuri. La, anayefunga kutwa huteswa na saa 9 mpaka saa 11 jioni, wakati michezo imeisha, jua bado lipo na jikoni kumeanza kunukia. Kila jamii imebuni la kumshughulisha saa hizo. Katika miji ya Indonesia vijana na watoto hutoka kutembeatembea wakisubiri adhana, na barabara hujaa wauza vitafunio. Pwani yetu mtoto hupewa kazi: kuna nazi, menya mihogo, kimbia dukani ulete barafu, chagua mawe kwenye mchele. Kisha huja kazi kubwa kuliko zote, ya kupeleka sahani kwa majirani.

Simama mlangoni Ng'ambo ya Zanzibar au Mji wa Kale Mombasa robo saa kabla ya magharibi uone. Msichana wa miaka tisa ametoka na sahani ya kaimati iliyofunikwa kawa, shira bado ya moto. Mama yake yuko kizingitini anamwelekeza: "Mpelekee Bi Mkubwa wa nyumba ya mkabala. Mwambie shikamoo, mama anakusalimu, anasema futari hii. Na ushike kwa mikono miwili." Bi Mkubwa atapokea, atamwombea dua ndefu, na sahani haitarudi tupu; itarudi na vipande vya mkate wa kumimina au bakuli la tambi. Njia nzima msichana yule ana njaa, ana kaimati mkononi, na hakuna anayemwangalia. Hapo ndipo saumu inapomwingia kuliko kwenye hotuba yoyote. Na ajabu ni kwamba Cape Town, upande wa pili wa bara, watoto wa Waislamu wa huko nao huzunguka mitaa kabla ya magharibi na sahani za vitafunio, jirani kwa jirani, sahani zikienda na kurudi.

Siku mtoto anapomaliza saumu yake ya kwanza ya kutwa, nchi nyingi huifanya sikukuu ya nyumba. Algeria humpa kinywaji cha sukari na ndimu, chenye harufu ya maua ya mchungwa, na ndani ya gilasi huwekwa pete ya fedha au ya dhahabu. Moroko saumu hiyo mara nyingi hupangwa ikutane na usiku wa kuamkia tarehe 27, msichana akapakwa hina, akavishwa kama bibi harusi na kupelekwa studio kupigwa picha. Pakistan na India humvisha mtoto nguo mpya na mashada ya maua, jamaa wakaalikwa kufuturu na zawadi zikatolewa. Haya ni mazuri, na mtoto hayasahau. Linalonitia wasiwasi ni pale sherehe inapokuwa kubwa kuliko mtoto: wageni wamealikwa, picha zimeshatumwa kwa shangazi walioko London na Muscat, na saa 10 jioni mtoto kazidiwa, hana tena njia ya kusema "nimeshindwa." Mzazi anayetaka kusherehekea amsherehekee na yule aliyefika saa 8. Ukumbi na keki vinaweza kungoja.

Hapa sharti nilitaje jambo letu wenyewe. Tanzania anayeonekana akila mchana wa Ramadhani huitwa kobe, na watoto wana ukatili wao: huzomeana njiani, hutoleana ndimi kukaguana nani ana ulimi mkavu na nani kanywa maji. Wakubwa huchukulia ni mchezo. Lakini kinachotokea ni kwamba mtoto wa miaka minane, ambaye Mungu hajamdai chochote, anajifunza kunywa maji chooni na kufuta midomo. Tumetaka kumfundisha ibada ambayo siri yake ni kati ya mja na Mola, tukamfundisha kuwaogopa watu. Akija mtoto akasema, "Mama, nimekunywa maji," jibu linalofaa ni "Ahsante kuniambia, mwanangu, kesho tutajaribu tena," na kaka zake waambiwe wanyamaze.

Sasa tuje kwenye jua, ambalo sisi tulio karibu na ikweta hatulifikirii kwa sababu halitubadilikii sana. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, Ramadhani iingie mwezi wowote, saumu ni kati ya saa 13 na 14. Mzazi wa huku anaweza kumwambia mtoto, "Mwaka jana uliweza, mwaka huu utaweza." Kaskazini mambo si hivyo. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na huzunguka majira yote kwa kama miaka 33. Mwaka 2014 ilianza mwishoni mwa Juni, na mtoto wa London aliyetaka kufunga kutwa alikabiliwa na zaidi ya saa 18. Magharibi iliingia saa 3 usiku na alfajiri kabla ya saa 9. Mtoto huyo alikuwa akifuturu, akiswali, akilala kidogo, na daku imefika. Mwaka 2026 Ramadhani ilianza Februari, na siku za mwanzo London zilikuwa kama saa 12 tu, pungufu kuliko Dar es Salaam.

Kwa hiyo kizazi kinachoanza kufunga sasa Ulaya na Marekani Kaskazini kimepata bahati ambayo kaka na dada zao hawakuipata. Msichana wa Leicester, Uingereza, aliyekuwa na miaka 7 mwaka 2026 atakua na Ramadhani za baridi. Mwaka 2030 ataonja Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, moja ikianza Januari na nyingine mwisho wa Desemba, na saumu za Desemba kwao ni kama saa 10. Atakapofika miaka 15, mwaka 2034, Ramadhani itakuwa Novemba. Yule aliyefika umri huo katikati ya miaka ya 2010 aliingia moja kwa moja kwenye saumu za Juni na Julai. Cape Town ni kinyume chake: Desemba yao ni kiangazi, na watoto watakaoanza kufunga huko mwaka 2030 watakutana na saumu za zaidi ya saa 16. Dada akimwambia mdogo wake "mimi nilianza nikiwa na miaka nane," aulizwe kwanza alianza mwaka gani, na wapi.

Kuna mahali jua lenyewe halizami. Tromsø, kaskazini mwa Norway, kuanzia karibu tarehe 20 Mei mpaka Julai jua huonekana usiku kucha, na Ramadhani ya Juni 2016 iliangukia humo. Wanazuoni wametoa njia: mji wa namna hiyo ufuate nyakati za mji wa karibu ambao usiku na mchana hupambanuka, au ufuate nyakati za Makka. Waislamu wa Tromsø wamekuwa wakifuata Makka. Mtoto wa huko hufuturu jua likiwaka dirishani, kwa kutazama saa ya ukutani, na wazazi wake wana kazi ya kumweleza jambo ambalo mtoto wa Tanga hulijua kwa kutazama mbingu.

Baada ya jua, shule. Zanzibar mtoto haihitaji nidhamu kubwa kujizuia mchana, kwa kuwa migahawa mingi imefungwa, wenzake wamefunga na mwalimu wake amefunga. Indonesia serikali imehangaika na jambo hili kwa miongo: Rais Abdurrahman Wahid alirudisha likizo ya mwezi mzima mwaka 1999, na mwaka 2025 wizara zilipanga siku za kusomea nyumbani mwanzoni mwa mwezi, masomo katikati, kisha likizo ya Idi. Huko wanafunzi wengi hupewa daftari la Ramadhani. Kila siku wanajaza: nimefunga au sikufunga, nimeswali swala zipi, nimesoma kurasa ngapi za Kurani. Usiku baada ya tarawehe, watoto hupanga foleni mbele ya imamu au mtoa mawaidha wapate saini yake, na wazee huwavumilia wanavyosukumana. Daftari lile lina faida, lakini nalo lina hatari ile ile ya kobe: mtoto anayejaza "nimefunga" kwa ajili ya mwalimu hajui bado anamfungia nani.

Penye Waislamu wachache picha hugeuka. Mtoto wa familia iliyotoka Mombasa, au iliyopitia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, sasa yuko shule ya Minneapolis au Columbus, Marekani. Saa ya chakula cha mchana darasa zima linaingia bwaloni, naye hajui aende wapi. Shule nyingi siku hizi humfungulia maktaba. New York shule za umma zilianza kufunga siku za Idi katika mwaka wa masomo wa 2015 hadi 2016, na mzazi hana tena haja ya kuandika barua ya udhuru. Uingereza mvutano ulikuwa mkali zaidi, kwa kuwa kati ya 2016 na 2019 Ramadhani iligongana na mitihani ya taifa ya Mei na Juni. Chama cha viongozi wa shule, ASCL, kiliandaa mwongozo kwa kushauriana na maimamu na wanazuoni, na ndani yake kulikuwa na maelezo kwamba mwanafunzi anayehofia madhara ana ruhusa za kidini za kuangalia. Kabla ya hapo, mwaka 2015, shule ya msingi moja mashariki mwa London iliwaambia wazazi kwamba watoto hawaruhusiwi kufunga shuleni, na wazazi wengi wakakasirika. Mimi naona mwalimu aliyeogopa mtoto kuzimia hakuwa na nia mbaya, na mzazi aliyeona dini yake inapigwa marufuku naye hakukosea kuumia. Kilichokosekana ni mazungumzo kabla ya mwezi kuandama: mtoto huyu ana miaka mingapi, anafunga siku zipi, akizidiwa nani ampe maji, na je, anajua kwamba anaruhusiwa kuyanywa?

Usiku ni wa watoto kila mahali. Kairo hubeba taa za rangi. Oman, usiku wa kuamkia nusu ya Ramadhani, hupita nyumba kwa nyumba wakigonganisha makombe ya pwani na kupokea peremende na karanga, na Muscat miongoni mwao wamo wengi ambao bibi zao huzungumza Kiswahili jikoni. Kaskazini mwa Nigeria watoto wa Kihausa huanza baada ya siku 10 za kwanza, wamejipaka masizi na kuvaa ndevu za bandia, wakiigiza mbele ya milango kwa sadaka ndogo. Kwetu ni tarawehe, ambako watoto huanza safu ya nyuma wakiwa wanne na kumalizia nje wakiwa kumi.

Lakini mwili hauna sherehe, nao una lake la kusema. Ini la mtoto huhifadhi akiba ndogo ya sukari kuliko la mtu mzima, na mwili wake huitumia kwa haraka. Ndiyo maana mtoto hushuka ghafla. Alikuwa anakimbia, mara amekaa, anatoka jasho la baridi, anatetemeka, hajibu akiitwa. Huyo hafungi tena siku hiyo. Apewe maji na kitu kitamu papo hapo, wala asiambiwe "bado saa moja tu." Watoto wenye kisukari cha kutegemea insulini, na wenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana katika ukanda wetu, ni suala la daktari kabla ya kuwa suala la sheikh, kwa sababu kukaukiwa maji kunaweza kumletea mwenye selimundu maumivu makali ya kumlaza hospitali. Mtoto wa namna hii huona wenzake wanasifiwa naye anakula peke yake. Aonyeshwe Aya inayofuata ile ya kuamrisha saumu, ambapo wagonjwa na wasafiri wametajwa kwa jina, na baada yake: "Mwenyezi Mungu anakutakieni yaliyo mepesi wala hakutakieni yaliyo mazito" (Al-Baqara, 185). Kula kwake ni kumtii Mungu yule yule.

Kwa wanaofunga, daku ndiyo nguzo. Sunna ni kuichelewesha, na afya nayo inataka hivyo. Mtoto aliyekula wali uliobaki saa 4 usiku akalala mpaka asubuhi ameongeza saumu yake kwa saa nzima saba asizotakiwa. Aamshwe, ale cha kukaa tumboni, mihogo, viazi, maharage, mayai, na maji ayanywe kidogo kidogo tangu magharibi badala ya kuyashindilia dakika ya mwisho.

Msichana ana jambo jingine ambalo nyumba nyingi hulipita kimya. Akishavunja ungo, siku za hedhi hafungi. Ni haramu kwake kufunga, na atazilipa baadaye. Lakini nyumba ina baba, kaka na wajomba, na yeye ana miaka 12. Matokeo yake huamka daku pamoja na wote, hukaa na njaa mchana kutwa na hufuturu pamoja na wote, ili tu asijulikane. Amefunga bila saumu na bila thawabu ya saumu. Kina baba wangeweza kuliondoa tatizo hili kwa sentensi moja tu wakati mwezi unapoandama, mbele ya wavulana pia: "Katika nyumba hii, atakayekuwa na udhuru anakula, na hakuna wa kumuuliza." Na mama ampe daftari la kuandikia siku anazodaiwa, maana deni hilo akilianza bila hesabu atalibeba mpaka atakapoolewa.

Mwisho wa mwezi, kila mtoto anaingia katika hesabu, aliyefunga na asiyefunga. Zaka ya fitri imewekwa kwa mdogo na mkubwa, mwanamume na mwanamke; baba humtolea hata mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya jua kuzama siku ya mwisho ya Ramadhani. Kwa kipimo chetu ni pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, kama kilo mbili na nusu za mchele, kwa kila kichwa. Mashafi hutoa chakula. Mahanafi wanaruhusu thamani yake kwa fedha, na ndiyo sababu misikiti mingi ya Ulaya na Pakistan hutangaza kiasi cha fedha. Mtoto anaweza kupewa kibaba apime mwenyewe pishi yake, vibaba vinne, na aende na baba yake kuipeleka kwa mwenye haki nayo kabla ya swala ya Idi.

Na kwa wazazi wa vijana wa miaka 12, 13 na 14, ambao huniuliza zaidi kuliko wote: kijana akibaleghe katikati ya mwezi, tuseme usiku wa kuamkia tarehe 13, saumu inamlazimu kuanzia tarehe 13. Zile 12 za nyuma, awe alizifunga zote, nusu nusu, au hakuzifunga kabisa, hadaiwi hata moja.